Chumvi Iliyokataa Kuganda

Msumeno wa baba ulikuwa na matangi mawili:
moja la petroli, ya kuungurumia,
jingine la mafuta ya mnyororo,
na haya ya pili hayarudi.
Mnyororo huyalamba, huyatema kwenye unga wa mbao,
siku nzima, lita kwa lita,
na msitu wa Norrbotten ukayanywa bila kuulizwa.

"Yanakwenda wapi?" nilimwuliza, miaka saba.
Torvald Lindbäck, mkata misonobari,
mtu wa maneno ya kupima kwa kijiko,
alielekeza kidole chini.
Kisha akawasha mashine.

Mwezi wa Mei, theluji ilipoyeyuka,
kijito cha nyuma ya nyumba kilipita
na upinde wa mvua mgongoni.
Niliupenda. Nilidhani ni samaki.
Mama ndiye aliyetukataza kuchota.

Leo nina koti jeupe, ufunguo wa maabara mjini Luleå,
na mashine inayosugua gololi ya chuma juu ya sahani ya chuma
saa baada ya saa, kama mtu anayekuna upele usiopona.
Kazi yangu ni kusoma kovu.
Kwa macho, chuma ni kioo.
Chini ya darubini ni milima,
na milima ikipitana bila kitu katikati
lazima mmoja umeguke.

Ndicho ninachotafuta: cha katikati.

Ziko chumvi zisizojua kuganda.
Chembe chanya na chembe hasi zinatakana,
lakini moja ina umbo la ovyo, viwiko nje,
hazipangiki kama chumvi ya mezani,
basi hubaki majimaji hata usiku wa Januari.
Hazitoi mvuke. Haziwaki moto.
Chuma huzing'ang'ania kama mdaiwa aliyesamehewa.
Tuliziita za kijani. Tulikula keki.

Kisha Mahnaz wa chumba cha pili
akadondosha tone kwenye glasi yenye viroboto-maji ishirini.
Saa arobaini na nane baadaye
walikuwa wamelala chini, wote,
kama pilipili manga iliyomwagika.
Hakusema kitu. Alinipa tu ile glasi niishike.

Kisichotoa moshi si lazima kiwe na huruma.

Tulianza upya.
Kolini, ile iliyomo kwenye kiini cha yai;
asidi iliyokamuliwa kwenye utomvu wa msonobari;
mafuta ya kanola kutoka mashamba ya kusini;
na nyuzi za mti zilizopondwa, zikapondwa tena,
hata unywele ukawa gogo kando yake.
Sampuli ya tisa ilikatika kama maziwa yaliyochacha.
Ya kumi na nne iligandia garini.
Ya ishirini na moja, nyuzi zilifanya donge,
zikakwaruza kuliko mchanga.
Ya ishirini na sita
iliacha kovu jembamba mno
nikadhani nimesahau kuwasha mashine.
Viroboto-maji kumi na tisa waliogelea.
Yule mmoja, asema Mahnaz, alikuwa mzee.
Sijui. Niliandika: kumi na tisa.

Nilimpelekea baba chupa.
Amestaafu. Mtetemo wa miaka thelathini
umemwachia vidole viwili vyeupe
visivyojua tena baridi wala moto.
Alifungua, akanusa.
"Msonobari," akasema.
"Kwa hiyo sasa mti unakatwa kwa jasho la mti mwenzake."
Sikuwa na jibu.

Alijaza tangi, akakata gogo la kuni, kisha la pili,
akazima, akaugusa mnyororo kwa kidole kisichohisi,
akakunja uso.
"Gusa wewe, Gunvor. Una joto?"

Nikagusa.
Vuguvugu tu, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Unga wa mbao ulitanda juu ya theluji,
manjano hafifu, bila kung'aa.
Aliuchota kiganjani, akautazama sana.
Sijamwambia habari za yule mmoja.